Walizima Taa Kumtafuta Mzimu

Watu wanne waliingia kwa mlango wa nyuma, kamera begani, wakizungumza kwa kunong'ona. Lilikuwa jumba la maigizo la zamani, viti vyake vya mahameli vimefunikwa mashuka. Katikati ya jukwaa tupu ilisimama taa moja, balbu ndani ya kizimba cha waya juu ya nguzo ya chuma inayofika kifuani. Kiongozi wao aliiendea, akainama, akachomoa waya ukutani.

Giza likatanda.

"Sasa tuanze kazi," akasema.

Kipindi hicho cha runinga kiliendelea kama vinavyoendelea vyote vya wawindaji mizimu, na mengi yaliyofuata nimeyasahau. Ile taa ndiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi jukwaani Marekani anaijua: ni taa ya mzimu. Huwashwa na anayetoka wa mwisho usiku, huzimwa na anayeingia wa kwanza asubuhi. Ukiuliza sababu yake utajibiwa kwamba jukwaa gizani ni mahali pa kuvunjika shingo, kwa kuwa mbele kuna shimo la wanamuziki na sakafuni kuna milango ya kunyanyua. Uliza tena, kwa upole, nawe utaambiwa kwamba mizimu ya jumba nayo inahitaji mwanga wa kuigizia wakati walio hai wamekwenda kulala.

Tarehe 12 Machi 2020 majumba ya maigizo ya Broadway, New York, yalipofungwa kwa sababu ya korona, taa hizo ziliachwa ziwake katika kumbi nyingi. Ziliwaka zaidi ya mwaka.

Wale wanne walikuwa wamekuja kumtafuta mzimu, na jambo la kwanza walilofanya ni kuzima kitu pekee kilichowekwa pale kwa ajili yake.

## Toka nje, ubishe hodi

Watu wa jukwaani si wajinga. Nalisema hili mapema kwa sababu makala nyingi kuhusu miiko yao huwachukulia kama watoto wanaoogopa kivuli. Hawa ndio wanaojua kwamba radi inatoka kwenye bati linalotikiswa na damu inatoka kwenye kifuko kilichofichwa chini ya shati. Ungetegemea wawe wa mwisho kuogopa nuksi.

Lakini tamka jina la Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, ndani ya chumba cha kuvalia huko Uingereza. Utaombwa utoke. Nje utazunguka mara tatu, utatema mate, utatoa tusi au kusoma mstari wa Hamlet unaowaomba malaika ulinzi, kisha utabisha hodi na kusubiri ukaribishwe. Wenyewe huiita "ile tamthilia ya Uskoti" na maisha yanaendelea.

Asili ya nuksi hiyo husimuliwa hivi: mwaka 1606, mvulana aitwaye Hal Berridge, aliyepangiwa kuwa Lady Macbeth, aliugua akafa siku ya onyesho la kwanza. Kisa kinasisimua, ila kumbukumbu za zama za Shakespeare hazimtaji mvulana huyo. Waliokifuatilia wamefika kwa Max Beerbohm, mwandishi na mchora vikaragosi wa London, kwamba ndiye aliyekitunga mwishoni mwa karne ya 19. Nuksi inayodaiwa kuwa na miaka mia nne ina umri wa babu wa babu yako.

Waumini wana ushahidi mwingine, na huu si wa kutungwa. Tarehe 10 Mei 1849, William Macready, Mwingereza, alikuwa akiigiza Macbeth katika jumba la Astor Place, New York. Nje walikusanyika mashabiki wa hasimu wake wa Kimarekani, Edwin Forrest. Mawe yakarushwa, wanajeshi wakafyatua risasi, watu zaidi ya 20 wakafa. Ukisoma habari za siku zile unakutana na hasira ya maskini dhidi ya matajiri waliovaa glavu nyeupe, na uchungu wa Wamarekani dhidi ya Waingereza. Tamthilia ilikuwa kisingizio tu. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nuksi ikishatajwa, kila kifundo cha mguu kilichoteguka katika tamthilia hiyo yenye mapanga, moshi na matukio ya usiku huongezwa kwenye hesabu yake.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika, nikidhani nimeshaelewa. Kisha nikazungumza na rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi ya kupandisha na kushusha mandhari ya jukwaa kwa kamba. Nilimuuliza kama kweli aliamini mambo hayo. Naye akaniuliza kama nimewahi kusimama chini ya chuma kizito kinachoning'inia gizani, kikiwa kimefungwa na mtu mwingine.

"Pale chini unamtazama kila mtu," akasema. "Asiyejali neno dogo alilokatazwa, fundo ataliangalia saa ngapi?"

Sijapata jibu la kumrudishia.

Mwiko wa kupiga mluzi unafuata njia hiyohiyo. Maelezo yanayopokezanwa ni kwamba mafundi wa kamba wa zamani walikuwa mabaharia, wakipeana ishara kwa miluzi kama melini, na mluzi wa mpita njia ungeweza kumwangushia mtu gunia la mchanga kichwani. Siku hizi ishara hutolewa kwa taa na vipaza sauti vya masikioni. Mluzi bado haupigwi. Anayejizuia kuupiga anawaonyesha wenzake kwamba anakumbuka mahali alipo, na kwamba maisha yao yako mikononi mwake kwa saa mbili zijazo. Kwa hilo hakuna haja ya kuuliza nani anaamini na nani haamini.

## Mzimu mwenye nguo za zamani kuliko ukuta

Theatre Royal, Drury Lane, London, ina mzimu mashuhuri aitwaye Mtu wa Kijivu. Amevaa kofia ya pembe tatu, joho refu la kijivu, nywele za bandia zilizopakwa poda, na ana upanga. Husemwa kwamba huonekana mchana, wakati wa mazoezi au onyesho la alasiri, akipita katika viti vya juu kutoka upande mmoja hadi mwingine na kupotelea ukutani. Waigizaji hawamkimbii. Akionekana, wanasema, onyesho litafana.

Nililinganisha mavazi yake na umri wa jengo. Nguo zile ni za karne ya 18. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1812, baada ya lililotangulia kuteketea mwaka 1809, na ukumbi wa watazamaji ulijengwa upya mwaka 1922. Kwa hiyo bwana huyu anakanyaga sakafu ambayo hakuwahi kuikanyaga akiwa hai, na kupotelea katika ukuta uliojengwa yeye akiwa ameshazikwa zamani.

Hali ni hiyohiyo kwa William Terriss. Yeye alikuwa mtu kweli, nyota wa jumba la Adelphi, London. Jioni ya tarehe 16 Desemba 1897 alichomwa kisu kwenye mlango wa kuingilia ukumbini, barabara ya Maiden Lane, na Richard Prince, mwigizaji aliyekosa kazi na ambaye Terriss mwenyewe alikuwa amemsaidia. Leo mzimu wake unasimuliwa Adelphi, na pia katika kituo cha treni za chini ya ardhi cha Covent Garden, kituo kilichofunguliwa mwaka 1907.

Karibu miaka kumi baada ya kifo chake!

Ningeweza kufunga jalada hapo: tarehe hazilingani, kwaheri. Mpingaji wa mizimu angefanya hivyo, na kwa haki. Lakini nilibaki na swali la nini kinachomfanya Terriss aendelee kutembea, akaongezewa hata kituo cha treni. Kisha nikafikiria kazi yake ilivyokuwa. Mchongaji akifa sanamu hubaki, na mwandishi huacha kurasa. Mwigizaji wa 1897 aliigiza usiku, pazia likashuka, na kilichofanyika kikaisha palepale, kikabaki vichwani mwa watu ambao nao walikuwa njiani kuelekea kaburini. Hakuna awezaye kutuonyesha leo Terriss alivyogeuka jukwaani, au alivyonyamaza kabla ya kutamka neno muhimu.

Wenzake wa leo hawana kitu chake cha kushika. Wana mlango wenye kibao cha kumbukumbu, na wana mzimu.

Nikiwatazama kwa jicho hilo, sioni tena haja ya kuwauliza kama wamemwona.

## Kioo cha Pepper

Mizimu ya kisasa, kwa maana ya kitu cheupe kinachopenyeka na kuonekana mbele ya umati, ilipata umaarufu jukwaani. Usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1862, katika Royal Polytechnic Institution jijini London, John Henry Pepper alionyesha mzimu kwa kutumia kioo. Wazo lilikuwa la mhandisi Henry Dircks, Pepper akaliboresha. Kioo kikubwa kisafi, kama cha dirisha, kiliinamishwa mbele ya jukwaa. Chini, mahali wasipopaona watazamaji, mwigizaji mwingine alisimama akimulikwa kwa taa kali. Taswira yake ikagonga kioo na kuonekana kama imesimama katikati ya walio hai, ikipenyeka. Taa ikififishwa, mzimu unayeyuka.

Kuna jambo katika mpango huo ambalo mimi naliona ndilo kubwa. Mwigizaji aliye jukwaani hakuweza kuuona mzimu. Taswira ilikuwa ya watazamaji peke yao. Yeye alilazimika kukumbuka mahali mzimu unapotakiwa kuwa, akakodolea macho hewa tupu, akarudi nyuma kwa hofu, akaukata kwa upanga, na kama angekosea hatua moja ukumbi mzima ungejua.

Sasa washa runinga. Mtangazaji amesimama ghalani usiku wa manane, anatazama pembe isiyo na kitu, mdomo wazi. Anafanya kazi ileile ya mwigizaji wa Pepper, isipokuwa kwamba safari hii kioo hakuna, na sisi pia hatuoni kitu.

Na bado tunatazama.

## Mbona hatuondoki?

Vipindi hivi vilishamiri mwanzoni mwa karne hii. Uingereza ilipata Most Haunted mwaka 2002, Marekani ikapata Ghost Hunters mwaka 2004, kikiongozwa na mafundi bomba wawili. Mwaka 2005 Ofcom, chombo kinachosimamia utangazaji Uingereza, kilipokea malalamiko kwamba Most Haunted inawadanganya watazamaji. Kikaamua kwamba hakuna udanganyifu wa kuadhibiwa, kwa sababu kipindi chenyewe ni burudani na si uchunguzi halisi. Uamuzi huo ulitangazwa hadharani, na watazamaji hawakuhama. Kipindi kiliendelea kwa miaka.

Nadhani tunakosea tunapojadili kama mtazamaji amedanganywa. Wengi ninaowajua wanaopenda vipindi hivi hawategemei mzimu utokee. Wangeshtuka sana ukitokea, na pengine wangeacha kutazama, maana kipindi cha wiki ijayo kingekuwa na kazi gani?

Kinachowashika, na kinachonishika mimi, ni kule kusikiliza. Runinga haivumilii ukimya, sekunde mbili tu wanaweka muziki. Lakini hapa mtu anauliza gizani, "Kuna mtu?" kisha watu wazima wote wananyamaza na kutega masikio. Nyuso zao ziko karibu na kamera inayoona gizani, macho makubwa kama ya paka, na wao wenyewe hawajioni wala hawaonani. Ukumbini sisi hukaa gizani tukiwatazama walio kwenye mwanga. Hapa mwanga uko sebuleni kwetu, na wanaotazamwa ndio wako gizani. Sijui uso wa binadamu ulio wazi kuliko ule wa mtu anayesikiliza kitu ambacho huenda hakipo.

Halafu maandishi yanaharibu kila kitu.

Kinasa sauti kinachezwa, unasikia mkwaruzo, na chini ya skrini yanatokea maneno: "Ondokeni hapa." Ukishayasoma, huwezi kuusikia tena mkwaruzo kama mkwaruzo. Jaribu kufumba macho sehemu hizo, mwenzako asome maandishi bila kukuambia, kila mmoja aandike alichosikia. Mimi nikifumba macho nasikia upepo, bomba la maji, mara nyingine kiatu.

Na majumba ya maigizo ni mahali pabaya zaidi pa kufanyia uwindaji huo. Yalijengwa ili mnong'ono wa jukwaani umfikie aliye safu ya mwisho. Juu ya jukwaa kuna mnara mrefu mandhari yanakopandishiwa, na hewa ya moto hupanda humo kama kwenye bomba la moshi, ikivuta upepo baridi miguuni mwa watu. Mbao zikipoa usiku hulia. Kamba zikilegea husogea. Mwindaji anasimama ndani ya chombo kilichoundwa kukuza sauti ndogo, anasikia sauti ndogo zimekuzwa, anakimbia.

Kisa cha Vic Tandy napenda kukirudia. Alikuwa mhandisi akifanya kazi katika maabara Coventry, mahali palipokuwa na sifa ya mzimu. Usiku mmoja alitokwa na jasho la baridi, akahisi anatazamwa, akaona kitu cha kijivu pembeni mwa jicho. Alipogeuka hakikuwepo. Kesho yake alileta upanga wake wa mchezo kuutengeneza, akaubana kwenye jiliwa, na ubavu wa upanga ukaanza kutetemeka wenyewe. Wengi wangekimbia kwa mara ya pili. Yeye akapima. Feni mpya ilikuwa ikitoa mawimbi ya sauti ya takriban hezi 19, chini ya kiwango cha sikio la binadamu. Feni iliporekebishwa, hali ile ikaisha. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1998, na si kila jumba lenye mizimu lina feni ya namna hiyo. Ninachokienzi ni kwamba Tandy aliichukulia hofu yake mwenyewe kwa uzito. Hakuicheka wala hakuikuza.

Vipindi vichache sana vinafanya hivyo.

## Wanapopiga kelele

Kuna mtindo ambao ulianza kunikera kidogokidogo, na sasa siwezi kuuvumilia. Mwindaji anasimama katika wodi ya hospitali iliyofungwa, mahali kama Waverly Hills, Louisville, ambako wagonjwa wa kifua kikuu walikufa mbali na watoto wao, na anapaza sauti: "Jitokeze! Unaogopa nini? Nipige!" Wanaita kuchokoza. Wanasema mizimu hujibu ikikasirishwa.

Nimelizungusha jambo hili kichwani. Kama marehemu wale wanasikia, huo ni ukatili mtupu kwa watu waliokwisha teseka. Kama hawasikii, bado walikuwa na majina, na wapo wajukuu wao wanaoweza kuwasha runinga jioni hiyo. Kwa njia zote mbili sioni pa kusimama na kusema ni sawa. Palace Theatre ya London inasifika kwa kuwaachia mizimu yake viti viwili wazi, na sikumbuki kusikia mtu amewapigia kelele waliokaa humo.

Hili limenirudisha kwenye maafa ambayo kila fundi wa jukwaa anapaswa kuyajua. Tarehe 30 Desemba 1903, onyesho la alasiri katika Iroquois Theatre, Chicago. Jumba lilikuwa na wiki chache tu tangu lifunguliwe, na lilitangazwa kuwa haliwezi kuungua. Ilikuwa likizo na ukumbi ulijaa wanawake na watoto. Taa ya jukwaani ikatoa cheche, kitambaa kikashika moto. Pazia la kuzuia moto lilishushwa likakwama njiani. Mageti ya ngazi yalikuwa yamefungwa ili wa viti vya bei ndogo wasishuke kwenye viti vya bei kubwa, na milango mingine ilikuwa na komeo ambazo watu hawakujua kuzifungua. Walikufa watu 602. Wengi walianguka katika uchochoro wa nyuma, Couch Place, wakitokea kwenye ngazi za dharura ambazo hazikuwa zimekamilika.

Siku hizi watalii wa mizimu hupelekwa katika uchochoro huo usiku. Huambiwa wasikilize vilio vya watoto.

Carl Prinzler, muuzaji wa vifaa vya chuma kutoka Indianapolis, alikuwa aende kwenye onyesho lile na shughuli za kazi zikamzuia. Jambo hilo halikumwacha. Akishirikiana na Henry DuPont, fundi msanifu, alitafuta mlango ambao umati wenye hofu ungeweza kuufungua kwa kuusukuma tu, na mwaka 1908 kifaa chao kikaingia sokoni kwa jina la Von Duprin. Ni ile fimbo ya chuma iliyolala mlangoni usawa wa kiuno, ambayo mwili ukiigonga tu komeo inaachia. Iko katika kumbi, shule na hospitali duniani kote. Nimeisukuma mara nyingi bila kuwafikiria watu wa Iroquois.

Kama kuna mtayarishaji wa vipindi hivi anayesoma, ombi langu ni dogo. Mtakapokwenda Couch Place, acheni vipimo vyenu garini. Majina ya waliokufa yalichapishwa kwenye magazeti ya Chicago, na yanapatikana. Mpeni mtu mwenye sauti nzuri ayasome yote 602, polepole, kamera ikiwa mbele ya mlango wenye fimbo ile, na msiweke muziki. Nitakaa nikitazame hadi jina la mwisho.